Nilimwita Mvivu, Kumbe Moyo Wake Ulikuwa Unakimbia

Wapendwa, Yesu Kristo asifiwe katika baridi hii ya Sumbawanga! Mwenye koti ajifunike vizuri, maana nimesimama kusema jambo la aibu yangu mwenyewe, na sitalifupisha.

Jina langu la ubatizo ni Gaspari, ila wengi mnaniita Kocha. Nilifundisha mgambo miaka mingi. Nilipostaafu, parokia ikaniomba niwaongoze wanakwaya na wazazi kwenye mazoezi ya Jumamosi asubuhi. Ndugu zangu, nilifurahi vibaya! Nilikuja na filimbi na fimbo. Fimbo sikumchapa nayo mtu, lakini niliipiga chini nyuma ya kila aliyechelewa. Tulikimbia kutoka uwanja wa kanisa hadi juu ya mlima wa kuelekea Malonje. Kwangu mimi, kuchoka kulikuwa dhambi.

Katika kundi alikuwemo Mama Yustina, anaimba sauti ya pili, mkulima wa mahindi na ulezi. Kila Jumamosi yeye alikuwa wa mwisho.

"Mama Yustina! Na shambani unalima hivyohivyo, mvivu wewe?"

Watu walicheka. Yeye hakujibu hata siku moja, nami ukimya wake nikauita kiburi.

Mkononi nilikuwa na saa. Mwanangu Deo anafanya kazi Mbeya, na alinitumia kama zawadi ya kustaafu. Ni saa ya mazoezi, ina taa ya kijani kwa chini, inapima mapigo ya moyo. Mimi niliangalia muda tu, na kuwaonyesha watu kwamba ninayo.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, nikamfuata Mama Yustina kwa nyuma. Nikamwambia leo hutembei hata hatua moja, ni mbio mpaka juu. Akakimbia. Katikati ya mlima akashika kifua, akapiga magoti, akaanguka kwa ubavu barabarani.

Nisaidieni kumshukuru Mungu, maana hapo mimi nilijua nimeua mtu! Tulisimamisha gari lililokuwa linapeleka mahindi mjini, tukamlaza juu ya magunia. Nilikaa kando yake nimemshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi kama maji ya kisima.

Hakufa. Hospitali wakakuta presha iko juu sana, ya siku nyingi, na mwenyewe hakujua. Wakamlaza. Na mimi, ndugu zangu, mimi shujaa wa mlima, nilijificha! Wiki mbili sikukanyaga kanisani. Nilimwambia mke wangu magoti yananiuma. Siku moja akaniwekea ugali mezani, akabaki amesimama.

"Baba Deo," akasema, "magoti yako hayaumi. Yanaogopa kupigwa. Nenda kwa Yustina."

Nikaenda. Nilimkuta ameruhusiwa kurudi nyumbani, amekaa kwenye mkeka juani anapukuchua mahindi. "Karibu, Kocha, kaa hapa penye jua," akaniambia. Maneno ya msamaha niliyoyapanga njia nzima nikayaweka kando. Nikauliza habari za dawa. Nikauliza habari za mahindi!

Alikuwepo tabibu mmoja, binti anayeitwa Restituta, jirani yake, amepita kumpima presha. Akasema mama huyu anatakiwa atembee kila siku, polepole, moyo wake usizidi mapigo mia na kumi kwa dakika. Kisha akaniangalia mkononi.

"Shikamoo, baba. Si saa yako hiyo inapima moyo? Sasa hivi inasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijui kuisoma."

Akaichukua, akaibonyeza, akacheka. Kumbe umri wangu sijawahi kuuingiza! Saa ilikuwa inanidhania kijana wa miaka ishirini na tano. Na mkanda ulikuwa umelegea, nimeivalia juu ya mfupa. Akanifundisha: isogeze vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, ibane isicheze lakini isikuumize. Mkono ukiwa wa baridi usiiamini, upashe moto kwanza. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, soma mapigo ya kupumzika. Ukishapanda mlima, simama dakika moja uone yameshuka kiasi gani. "Na mtu akishindwa kumaliza sentensi huku anatembea," akasema, "apunguze mwendo, saa iseme isemavyo."

Siku tatu nilikosea vitufe. Nilisimamisha hesabu nikidhani ninaianza. Ya nne nikaweza, nikaenda kumchukua Mama Yustina.

Tulitembea kwenye tambarare, kisha tukaanza kamlima kadogo. Nikasoma saa: tisini na sita. Nikaivua, nikamfunga yeye. Tulikuwa tunakwenda mwendo wa kumfundisha mtoto kutembea. Saa ikasoma mia na nne. Mia na kumi na mbili. Mia ishirini na moja!

"Simama, mama! Simama hapo!"

Tukakaa kwenye majani. Nikaitazama ile namba, na kitu kikakatika ndani yangu. Zile Jumamosi zote, mimi ninafoka moyo wangu ukiwa umestarehe. Yule niliyemwita mvivu ndiye aliyekuwa anafanya kazi kuliko sisi wote!

"Mama Yustina," nikasema, "nilipokuita mvivu, ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nasikia, Kocha."

"Mbona hukunijibu hata siku moja?"

"Pumzi ya kukujibu ningeitoa wapi?"

Ndugu zangu! Nilipiga magoti palepale, watu wa baiskeli wanapita wanashangaa. Nililia kama nimefiwa, nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono begani.

"Nilikusamehe siku ileile, juu ya magunia. Inuka, tuone saa inasemaje."

Ilikuwa imeshuka, tisini na mbili. Tukaendelea.

Sitawadanganya kwamba alipona siku moja. Anameza dawa zake, anakwenda kliniki, na kuna siku alirudi nyumbani baada ya hatua chache. Lakini mvua za kupandia zilipofika, alipanda ule mlima hadi juu, na mapigo hayakuvuka kikomo alichopewa. Bwana ametenda!

Na mimi alinifungua. Nilimpigia Deo simu, nikamwomba msamaha kwa yale maneno makali niliyomwambia akiwa mdogo. Akasema, "Asante, baba." Saa ni chombo tu, wapendwa. Aliyenifumbua macho ni Yesu!

Wewe unayeitwa mzembe nyumbani kwako, Mungu anaujua moyo wako unavyohangaika. Mtegemee yeye, na nenda ukapimwe presha. Na wewe unayewaita wenzako wavivu, njoo hapa mbele, nitapiga magoti pamoja nawe. Siku hizi Jumamosi tunaanza jua likishatoka. Asiye na saa anahesabu mapigo kwa vidole shingoni. Mama Yustina ndiye anayetangulia, na sisi wote tunafuata mwendo wake. Sifa zote zimrudie Mungu, amina!