Nani Alianzisha Bustani ya Juu

Kwa Apolinary fundi baiskeli, pale njia inapoanza kupanda kilima, palikuwa na benchi refu na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake ikakaushwa. Wiki hiyo tangazo lilikuwa limebandikwa mjini Bukoba: Jumapili bustani ya juu inatimiza miaka ishirini, bendi itapiga, wote mnakaribishwa. Byabato, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa habari zake hutangulia matukio, alikuwa akibishana na Mwijage, aliyeitwa Hakimu kwa kuwa aliwahi kufagia baraza la mahakama. Pembeni mzee Karugendo alitafuna kahawa. Alikuwa mtunza bustani ile tangu siku ya kwanza mpaka mgongo ulipomgomea.

— Ile ni kazi ya Mjerumani, alisema Gazeti. Alifukia mzinga wake wa vita pale alipokimbia. Mwingereza akapanda waridi juu yake, mwenyewe akirudi asiuone.

— Wapi! Ni mzungu mmoja, mkewe hapati usingizi mpaka aone ziwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akamjengea kilima.

— Akamjengea bustani.

— Kilima! Pale palikuwa bonde. Udongo ulibebwa kwa vikapu toka Kagoma. Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi hata ziwa ni shimo walipochota!

— Hilo umesema wewe.

Apolinary alicheka mpaka spana ikamtoka.

— Miaka ishirini, na Mjerumani! Tumuulize aliyekuwepo, alisema. Mzee Karugendo, mlikuta nini kule juu?

— Majani, alijibu Karugendo. Majani matupu.

Ndivyo alivyojibu miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza mara ya pili.

Hapo akafika mwanamke kijana, miguu imejaa vumbi la safari. Alipiga goti kidogo, akawaamkia kwa Kihaya, akasema anaitwa Kokugonza, ametoka Rubya.

— Bibi yangu Kemilembe yu kitandani, waitu, wazee wangu. Amenituma nikasafishe kaburi la babu, mzee Rutashobya. Alizikwa kibanjani kwake, kwenye migomba yake, huku juu kilimani. Ni upande upi?

Gazeti alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama kikapu, akachukua punje moja, hakuitia mdomoni.

— Binti, alisema Gazeti kwa upole, huko juu hakuna kibanja. Ni bustani.

— Nimeambiwa ni bustani. Kaburi liko wapi?

Karugendo aliona tena migomba ikilala chini, minene, yenye mikungu. Aliona mwanamke aliyefukuzwa pale akishuka na mtungi kichwani, haangalii nyuma. Siku hiyo alikuwa na panga jipya, na furaha ya kupata kazi.

— Nililima juu yake mimi, mwanangu, alisema.

Benchi zima likamgeukia.

— Palikuwa na migomba, na nyumba. Palikuwa na miramula, ile miti ya alama, imepandwa kuzunguka kaburi. Niliambiwa ng'oa, nikang'oa. Tukasawazisha, tukapanda nyasi.

— Kwa hiyo unapajua, tata.

— Nimepita pale kila asubuhi nikitafuta alama. Sipajui.

Kokugonza hakulia. Alijifunga upya khanga kiunoni.

— Twende hivyohivyo. Bibi atauliza kama nilifika.

Walipanda polepole kwa ajili ya mgongo wa mzee. Walipofika langoni, nyasi zilikuwa zimekatwa vizuri, tambarare mpaka ukingoni, na mafundi walikuwa wakipigilia jukwaa la bendi. Karugendo aliinama kwa taabu, akavua viatu. Hakujua pa kukanyaga.