Bwana Rudi Anaondoka na Leseni Yake

"Mguu wa bandia siku hizi ni bidhaa kama kiatu: mteja anapimwa, unaagizwa, unamfikia." Meneja wetu aliyasema hayo kwenye kikao cha mwezi uliopita, na wengi wakaitikia kwa kichwa. Tarehe thelathini mwezi huu anastaafu fundi wetu mkuu wa viungo bandia, ambaye kwa miaka thelathini na minne kazi yake imekuwa ikiyakanusha maneno hayo. Kiatu kikikubana, unakivua na kutembea peku. Mguu ukikubana, utatembelea nini?

Wagonjwa humwita Bwana Rudi. Hajawahi kumkabidhi mtu mguu bila kumwambia arudi Alhamisi. Alhamisi humtoa nje azunguke ua, akae, achuchumae, apande ngazi za stoo. Kisha humvua mguu na kukitazama kigutu, pale mguu wake mwenyewe ulipokatwa. Wekundu ukikaa zaidi ya dakika kumi, kikombe kinachobeba kigutu hicho kinarudi kuchongwa. Mama mmoja mshonaji alirudi Alhamisi saba mfululizo. Ya nane alimletea fundi suruali aliyomshonea kwa kukadiria tu, akamwambia ikimbana arudi Alhamisi.

Bwana Rudi alianza hapa kama mchanganya plasta, hana cheti chochote. Mwaka wake wa kwanza alichanganya kazi mbili zilizokuwa mezani, akamfungia mwalimu mkuu mmoja unyayo wa kushoto kwenye mguu wa kulia. Mwalimu alisimama, akatazama chini, akasema taratibu, "Fundi, huyu mwenzangu ana safari yake." Tangu siku hiyo kila alama huiandika mwenyewe kwa kalamu ya zambarau, mkono mwingine ukiwa bado umemshika mgonjwa.

Baraza la taaluma lilipoanzisha leseni, mafundi wengi tulinung'unika kwamba ni karatasi tu, na mtihani hatukuufanya. Yeye hakunung'unika. Alikuwa ameshaosha vidonda vya kutosha vya watu waliouziwa miguu na wachuuzi. Akiwa na miaka hamsini na miwili alikaa kwenye chumba cha mtihani na watu wa umri wa kitindamimba wake. Karatasi ya kwanza ilimwangusha. Mkewe akawa anamsaili sebuleni kila jioni, mpaka naye akazijua neva zote za mguu, na mara ya pili mzee akafaulu.

Ndipo kampuni moja kubwa ikainunua karakana yetu, tukawa tawi lake. Sasa mashine inapiga picha ya kigutu, picha inatumwa kiwanda cha mbali, mguu unarudi ndani ya boksi, na mgonjwa anastahili ziara moja tu baada ya hapo. Chumba cha plasta kimejaa maboksi matupu. Tulipinga, tukaandika barua, tukaitwa kwenye vikao, tukapewa chai. Kusema kweli, tumechoka.

Mwezi uliopita, baada ya kile kikao, meneja alimwita mzee ofisini, nami nikiwepo. Alimwomba astaafu lakini leseni yake ibaki ukutani, awe anaidhinisha picha akiwa nyumbani, kwa malipo mazuri.

"Mwanangu," mzee alimjibu, "kigutu nisichokishika sikiwekei sahihi."

Meneja akasema matawi yote yanafanya hivyo.

"Ndiyo maana wagonjwa wao wanakuja kwangu."

Kwa hiyo leseni inaondoka naye. Kuanzia tarehe mosi tawi hili halitakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuchonga hata ukingo wa kikombe, na wagonjwa arobaini na wawili waliopangiwa kurekebishiwa miguu hawatakuwa na pa kwenda.

Wala si kwamba mtu hayupo. Yupo dada wa chumba cha plasta, aliyefundishwa na mzee kwa miaka kumi na tisa. Karatasi zote mbili za Baraza amefaulu. Amebakiza fomu moja ya kuthibitisha saa alizofanya kazi chini ya usimamizi, na mzee alishaweka sahihi yake. Sahihi inayokosekana ni ya meneja. Wiki ya tisa hii fomu imelala ofisini kwake.

Bwana Rudi, asante kwa kila mtu aliyetoka hapa akitembea. Tunakuombea mikono iliyopumzika, kifua kisicho na vumbi la plasta, na miaka mingi ya kumsumbua mama nyumbani.

Wajumbe wa Baraza mtakaokuja kwenye hafla ya kumuaga: mkiletewa sahihi ya fundi ambaye hakumgusa mgonjwa, ikataeni, hata kama inatoka kampuni kubwa namna gani. Na wewe meneja, umepangiwa hotuba ya pili kwenye ratiba. Fomu iko kwenye droo yako ya chini, upande wa kushoto. Isaini kabla hujashika kipaza sauti.