Chupa Moja ya Matone

Kijiwe chetu kiko Ng'ambo, barazani kwa Sabiri, fundi wa kanzu, ambaye sisi tunamwita Sindano. Miezi mitatu iliyopita yeye na Lugembe walipasuliwa mtoto wa jicho siku moja. Lugembe ana kisukari, na kwa kuwa haoni kashata akaipita, jina lake ni Kashata. Leo baada ya Alasiri Sindano katoka hospitali, kakaa na kanzu ya bwana harusi mapajani. Tarizi ya shingo imekwenda upogo kama njia ya ng'ombe. Nassibu, muuza kahawa wetu, kamimina, hakuna aliyegusa kikombe. Niseme mapema: kijiwe hiki kinajua kuongea, zaidi ya hapo hakijui kitu.

— Haya, daktari kasemaje? aliuliza Majidi, tunayemwita Profesa kwa sababu darasa la saba alilisoma mara mbili.

— Jicho limevimba huko nyuma, kwenye pazia la kuonea, alisema Sindano. Kioo walichoniwekea kizima. Ila nikitazama uzi ulionyooka, katikati unapinda. Wewe hapo masikio nayaona, uso siuoni.

— Hukosi kitu, alisema Kashata.

Hatukucheka. Jicho la kushoto la Sindano lilikufa zamani. Hilo la kulia ndilo lililobaki.

— Mimi nilisema! Profesa akapanda. Kioo kile ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ukampa cherehani siku ya pili!

— Cherehani wapi, ni mvuke wa kahawa, alisema Kashata. Unapanda puani, unatafuta jicho.

— Basi ni sukari, alidakia Profesa. Mlilala kitanda kwa kitanda. Sukari ya Kashata imeona jicho jipya, ikahama. Kikulacho ki nguoni mwako, Sindano!

— Sukari yangu ninayo bado, wamenipima juzi. Na jicho langu zima.

— Mimi wamenipima mara mbili, sina, alisema Sindano taratibu. Daktari anasema wenye sukari ndio huvimba zaidi, lakini hata asiye nayo hupata.

Hapo nikatazama chini, maana nakumbuka. Nesi alituambia: huyu mwenye sukari mumwangalie sana. Tukamwangalia. Tulimficha kashata, tukamsindikiza kliniki, kila adhana tukamtia tone. Wiki ya pili akaikalia chupa yake ya dawa, hapa hapa kwenye benchi, ikapasuka, na duka la karibu lilikuwa limeishiwa. Mimi ndiye niliyesema, "Sindano, mpe yako. Wewe huna sukari, wewe mzima." Akaitoa mfukoni, akampa. Tarehe yake ya kurudi kliniki hakuna aliyeikumbuka. Alikuwa anaona vizuri, akakaa kushona.

— Kasema ningewahi ingekuwa rahisi, Sindano aliendelea. Sasa kanipa dawa nyingine, atajaribu. Ahadi hakunipa.

— Subira huvuta heri, alisema Profesa. Wewe ngoja tu, hata miezi mitatu mingine.

Nilitamani kumrushia kikombe. Lakini ningemrushia kwa lipi, mimi?

Akaja Yasmini, binti yake Sindano.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akaichukua ile kanzu mapajani mwa babake, akaikunja.

— Baba, wenye harusi wamekuja. Wanataka kitambaa chao, wampelekee fundi mwingine.

Sindano akaitikia kwa kichwa. Miaka arobaini anashona, sijapata kusikia kanzu ikitolewa mkononi mwake. Roho iliniuma.

Yasmini akatugeukia.

— Eti wazee, Mzee Lugembe dawa mlikuwa mnamtia nyie?

— Kila adhana! Profesa alijibu kwa fahari. Hatukukosa hata moja.

— Na baba alikuwa anatiwa na nani?

Nassibu akakusanya vikombe, akaimwaga kahawa iliyopoa, akaondoka.