Mama Béatrice, Aliyeozesha Mwani wa Kaniama na wa Kabongo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Béatrice Tshiala anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika maabara ya kituo chetu hapa Kamina. Wakurugenzi sita wamepita mikononi mwake. Wote walikuja kumfundisha kazi. Wote waliondoka wakimwomba ushauri kuhusu shinikizo la damu.

Kwa ninyi ambao bado mnadhani alikuwa akifuga uchafu kwenye chupa: ule ni mwani wa kijani wa chembe moja, mdogo kiasi kwamba maelfu hutosha kwenye tone la maji. Aliukusanya kwenye madimbwi na mashamba ya jimbo zima, apate kujua kwa nini wa huku haufanani na wa kule. Wa Kaniama huvumilia ukame: udongo wake ukikaa rafuni mwaka mzima, ukiumwagia maji unaamka. Wa Kabongo hukua upesi, lakini kiu huumaliza. Mhasibu wetu Jephté aliwahi kunywa chupa nzima ya Kabongo akidhani ni maji ya ndimu. Mama Béatrice hakumpa pole. Alisikitikia mbegu ya mwani.

Hamu yake ilikuwa kupandisha mwani wa Kaniama na wa Kabongo, aone watoto watarithi nini. Misimu mitatu ulikaa pamoja kama abiria wasiojuana. Mkurugenzi wa wakati ule akachoka. Akatangaza kikaoni kwamba hizo ni jamii mbili tofauti, hazitazaana kamwe, kwa hiyo chupa zimwagwe baada ya Pasaka na chumba kigeuzwe ukumbi wa mikutano, ambayo nayo haijawahi kuzaa kitu.

Mama Béatrice alikonda, akaanza kukosea hata majina yetu. Kisha akapima mbegu zake upya, akaona tatizo. Mwani huu hauna dume wala jike. Una pande mbili zinazoitwa kwa alama za hesabu, wa kujumlisha na wa kutoa, na hauzaani mpaka pande hizo zikutane. Mbegu za Kabongo, ambazo zilitoka dimbwi moja, zote zilikuwa za kutoa. Za Kaniama vilevile. Misimu yote hiyo harusini ulikuwa umealikwa ukoo wa upande mmoja tu.

Akapanda pikipiki kwenda Kabongo katikati ya mvua, akachota matope kwenye madimbwi mengine, akayatia chupani. Wakati wa kurudi, askari wa kizuizini alifungua mfuko wake.

"Mama, hii matope iko ya nini?"

"Ya mariage, mutoto wangu. Mu ndani muko bachumba ba Kabongo. Ukiimwanga, mariage inakufwa."

Askari aliitazama chupa kwenye mwanga, akairudisha mfukoni polepole.

"Basi pita, mama. Lakini gato, keki ya ndoa, utaleta huku."

Katika matope hayo alipata mbegu za kujumlisha. Akazikuza, akazichanganya na za Kaniama, zikashikana siku ileile. Baadaye mayai yaliyotokana na kushikana huko yalipasuka na watoto wakaishi. Mama Béatrice alivua miwani, akakaa sakafuni, akalia. Tulidhani kuna msiba. Jephté alishaanza kuchangisha pesa za matanga.

Watoto walipokwisha kujaribiwa kwa ukame na kwa kasi ya kukua, Mkurugenzi aliitwa. Aliinama kwenye hadubini, akaona kope zake mwenyewe, akarekebishwa, akaona.

"Hawa njo batoto?"

"Njo benyewe," alithibitisha Mama Béatrice. "Bengine banavumilia jua sawa ba Kaniama, na banakomaa mbio sawa ba Kabongo. Iko famille moja, Patron."

Chumba hakikuguswa tena. Mikutano hufanyika barazani, na kwa kuwa hakuna viti, imekuwa mifupi. Hilo peke yake lingestahili nishani.

Chupa sasa ziko chini ya Phébé, mtafiti ambaye Mama Béatrice alimlea kwa ukali tunaoufahamu sote. Ana bahati: anarithi watoto wenye afya.

Mama Béatrice, asante kwa sayansi, kwa karanga za saa nne, na kwa kutuambia ukweli hata siku ambazo hatukuuliza. Nenda ulale mpaka jua likuchoke. Tunakuombea magoti yasiyouma, majirani wasiopiga muziki, na uzee mtamu. Sisi itatuchukua muda kuzoea korido isiyo na sauti ya viatu vyako. Mpaka sasa kila mtu akisikia hatua, bado anajifanya anafanya kazi.