Mzee Emilian Jilala na Hondohondo wa Mama Advera

Marehemu Mzee Emilian Jilala alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika kijiji cha Kwihara, mtoto wa tatu wa Mzee Jilala na Bibi Katarina, wakulima wa hapo hapo. Alibatizwa akiwa na wiki mbili, na mama yake alisimulia kuwa alilia kanisani tangu mwanzo hadi mwisho wa ibada. Baada ya siku hiyo hakuna aliyemsikia akilalamika tena, isipokuwa timu yake ikifungwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kuhitimu darasa la saba mwaka 1967. Siku moja alichonga ndege kwenye dawati kwa kisu cha kumenyea miwa. Mwalimu akamchapa viboko vitatu, kisha akainama kutazama, akasema, "Lakini huyu ndege, jamani, karibu aruke!" Emilian, machozi bado yako mashavuni, akamjibu, "Basi mchukue, mwalimu." Dawati la serikali! Hiyo ndiyo tabia aliyokwenda nayo maisha yake yote: ukisifia kitu chake, kimeshakuwa chako.

Mwaka 1970 alijiunga na karakana ya Mzee Yahaya, seremala wa Gongoni, wakitengeneza milango na vitanda. Vipande vya mninga vilivyobaki vikawa ndege wa kupamba sebule: kwale, korongo, njiwa. Mwaka 1983 alifungua karakana yake mwenyewe. Macho aliyaweka mwisho siku zote, kwa msumari uliotiwa motoni. Alisema ndege akipewa macho mapema atamwona fundi akikosea.

Tarehe 24 Novemba 1979 alifunga ndoa na Bi. Advera. Alipomchumbia hakuwa na maneno mengi. Alimwahidi kumchongea hondohondo, kwa sababu dume la ndege huyo humlisha jike lake lililojifungia ndani ya shimo la mti mpaka makinda yakue. Bi. Advera akaamini. Akafuma kitambaa cheupe, akakitandika juu ya kabati la vyombo, akasubiri.

Alisubiri miaka arobaini na mitano. Si kwamba hakuchongewa. Alichongewa hondohondo saba! Wa kwanza alisifiwa na padri, padri akaondoka naye. Wa tatu alikwenda Sikonge na mtu aliyekuja kuuza asali. Wa sita alichukuliwa na msoma mita ya maji, aliyesema tu, "Hee, ndege!" Siku ile Mama Advera alikasirika kweli. "Emilian, huyo hata hakumsifia vizuri!" Mzee akajibu, "Sasa mke wangu, ningemtazamaje usoni?" Kitambaa kikafuliwa, kikarudishwa juu ya kabati bila kitu juu yake. Mama alijitahidi watoto wasione, lakini ilimuuma.

Mwezi Julai 2024 Mzee alipata kiharusi kilichodhoofisha mkono wake wa kulia. Wageni walimkuta mchangamfu vilevile, na mkewe pembeni na ungo uliofudikizwa chini. Hakuna aliyejua kuna nini chini ya ungo ule. Alikuwa hondohondo wa nane. Mzee alichonga kwa mkono wa kushoto, Mama akiushikilia mti. Mtu akipiga hodi tu, ungo unafunika. Macho waliyachoma pamoja, mkono juu ya mkono. Jicho la kulia limekaa juu kidogo, kama la mtu anayekusikiliza asikuamini.

Siku ya Krismasi ndege alipandishwa kabatini. Akaja Dionis, mtani wake Mgogo, aliyeanza kunywa chai nyumba hiyo mwaka 1991. Akasema kwa sauti, "Mnyamwezi, ndege huyu mzuri kuliko aliyemchonga!" Mama Advera akashika pembe ya kitambaa. Mzee akamtazama mkewe. Kisha akavua kofia yake, akamvisha Dionis. Mama alicheka huku analia, na watoto walikuwa hawajawahi kumwona hivyo.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Januari. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini mjini Tabora, mkewe akiwa kando ya kitanda. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: "Yupo?" Mama akamjibu, "Yupo, kabatini." Akatabasamu.

Ameacha mjane, watoto wanne, Raymundi, Marcelina, Agnetha na Shukrani, wajukuu tisa, na hondohondo mmoja. Dionis, kofia tunaiona, imekupendeza. Watani wengine, desturi zenu za msibani tunazijua: chukueni jembe, chukueni hata kiti chake. Mkifika nyumbani, msifieni ndege kadiri mnavyotaka. Mama Advera atawajibu, "Asanteni," na ndege atabaki pale pale.

Mzee Emilian, mikono yako iliyogawa kila ilichokishika sasa ipumzike kwa amani. Wa Mama yupo.