Baba Kadogo na Swali Lake Juu ya Ayubu

Ndugu waombolezaji, marehemu alikuwa na kanuni moja aliyoishi nayo na kutusumbua nayo sote: ukileta habari, sema kwanza kama uliona au uliambiwa. Mimi ni binti yake. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu, nami nitausoma kwa kanuni yake. Nikichanganya mambo, sitashangaa akiinuka humo alimo anisahihishe.

Kuzaliwa kwake nimeambiwa. Kitambulisho kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari 1949, lakini nusu ya watu wa rika lake nao walizaliwa siku hiyohiyo, maana ndiyo tarehe ambayo karani alimwandikia kila asiyeijua yake. Bibi yangu alisema tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha na paa lilikuwa linavujia kitanda. Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Akamfuata ndugu mmoja, baba yangu mdogo, ambaye leo ni mzee wa kanisa hili na amekaa hapo mbele.

Masomo yake pia nimeambiwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akamaliza sekondari mwaka 1968. Wanasema alikuwa mwepesi wa lugha kupita kiasi, anamsikiliza muuza mkaa wiki mbili na ya tatu anagombana naye kwa lugha ya kwao. Ndiyo sababu mwaka 1970 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama.

Kazi yake niliiona. Siku za likizo nilikuwa nakaa benchi la nyuma, karibu na dirisha lisilofungika vizuri, namwangalia amesimama kati ya hakimu na shahidi, mikono nyuma, koti lile moja la kijivu. Hakimu anauliza, baba anageuza maneno: "Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?" Aliligeuza swali hilo kwa lugha tano mpaka alipostaafu mwaka 2004. Makarani wakampa jina la Bwana Uliona. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Nikikimbia kusema mbuzi wa jirani amekula sabuni, ananiuliza, "Ulimwona akila, au uliona povu tu?"

Ndoa ilifungwa tarehe 14 Agosti 1976. Alipofika ukweni kujieleza, wazee walimuuliza shida yake, naye akasema, "Nimesikia hapa kuna binti. Nimekuja kuona." Wazee walicheka, na mama, aliyekuwa nyuma ya mlango, alicheka zaidi. Huo mlango mama mwenyewe ameniambia, kwa hiyo nauamini.

Sasa nafika mahali ambapo baba mdogo aliniomba niparuke. Nimemkatalia kwa heshima zote. Tangu juzi kuna maneno yanapita chini kwa chini pale kwenye viti, kwamba marehemu hakuwa muumini, kwamba alimkana Ayubu wa Biblia mbele ya watu, na kwamba mchungaji ametufanyia hisani tu kumzika. Sitaki baba ashuke kaburini na maneno hayo juu yake. Nisikilizeni basi, halafu mtaamua wenyewe.

Mwaka 1977 wazazi wangu walipata mtoto wa kike. Alizaliwa kabla ya wakati, kiganja kama kijiko cha chai, wakamwita Kadogo. Mwezi wa tano mwaka 1981 mahakama ilihamia wilaya ya jirani kwa kesi ya shamba, na baba akaenda nayo. Kadogo akashikwa na homa. Daraja lilikuwa limesombwa na simu ya posta haifanyi kazi. Baba alikuwa amesimama kando ya kizimba, katikati ya sentensi ya shahidi, tarishi alipoingia na kumwambia sikioni. Alifika nyumbani mtoto ameshazikwa. Mtu aliyewauliza watu wote kama waliona, kifo cha mwanawe mwenyewe aliambiwa.

Haya yote nami nimeambiwa, maana nilizaliwa mwaka 1983. Mama aliendelea kumwita baba "Baba Kadogo", na mtaa mzima ulimwita mama "Mama Kadogo". Nilikuwa mdogo, kwa hiyo nikajua Kadogo ni mimi. Naam, ni nani mwingine? Nilikuwa naitika. Siku moja, nikiwa nimeshaanza shule, shangazi mmoja wa ukoo alikuja akasema sebuleni, "Kadogo angekuwa msichana mkubwa sasa." Nikasema, "Shangazi, mimi hapa." Baba alinishika mkono, tukatoka nje, akaniambia, "Wewe ni wewe. Kadogo ni dada yako." Nikamuuliza yuko wapi. Nikamuuliza na lile swali lake, kama yeye alimwona. "Nilimwona," akasema. "Wewe ndiye utakayelazimika kuambiwa."

Kuhusu Ayubu, hili niliona. Kila Jumapili baba mdogo alikuja kula kwetu, na sahani zikishatolewa ndugu hawa wawili walianza kukwaruzana. Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu.

"Kaka, Ayubu alikuwepo," baba mdogo anasema. "Nchi yake imetajwa. Mifugo yake imetajwa. Hata marafiki zake wana majina."

"Sungura naye ana marafiki wenye majina," baba anajibu. "Nani alimwona?"

"Na baba wa babu yetu, wewe ulimwona?"

"Sikumwona. Ila pua yake hii hapa." Halafu anamshika baba mdogo pua.

Tulicheka sana mezani pale. Lakini kwenye darasa la Biblia kanisani siku ya Jumatano, baba alipouliza hayohayo mbele ya wazee wa kanisa, hakuna aliyecheka. Walimwambia akitaka kuendelea kuhudhuria, awe anasikiliza tu. Hakurudi tena darasani, ingawa ibada hakuacha hata siku moja.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuja amevimba. "Umenitia aibu, kaka. Unamkana mtu aliyevumilia kuliko watu wote. Unapata faida gani?"

Baba hakutania siku hiyo. Aliweka glasi chini. "Kama Ayubu alikuwepo," akasema, "basi na wale watoto wake walikuwepo. Nyumba iliwaangukia kweli. Na kuna mtu alitumwa kweli kwenda kumwambia. Nimesimama mahali pale, mdogo wangu. Mimi nataka iwe hadithi, ili pasiwe na mtoto aliyekufa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia vyombo. Hakuwahi kuingilia mjadala ule hata mara moja. Akasema, "Na mimi nataka awe mtu, Baba Kadogo. Akiwa hadithi, mimi sina mwenzangu." Akarudi jikoni. Tulisikia maji yakifunguliwa, na hayakufungwa kwa muda mrefu.

Hiyo ndiyo kufuru yake yote. Nimeiweka mbele yenu kama ilivyokuwa.

Ugonjwa niliuona, na natamani ningeambiwa tu. Kisukari kilianza mwaka 2011. Baadaye kidonda kikatoka kwenye mguu wa kushoto, kikakataa kupona, na mwaka jana figo zikaanza kuchoka. Baba alikonda hadi lile koti la kijivu likamzidi. Kila asubuhi mama alikaa kwenye stuli ya plastiki, akauchukua ule mguu mapajani, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akafunga bendeji mpya. Harufu ilikuwa nzito. Muuguzi alitaka kuichukua kazi hiyo, mama akamwambia, "Niachie, huyu ni wangu."

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa nimeshika beseni. Baba alimwangalia mama muda mrefu, kisha akasema, "Mama Kadogo, nimekubali. Ayubu alikuwepo."

Mama hakuinua kichwa. Alisema kwa uleule ukali wa mahakamani, "Uliona kwa macho yako, au uliambiwa?"

"Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii," baba akasema.

Mama aliendelea kufunga bendeji, lakini alikosea kuizungusha, ikabidi aanze upya. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na niko tayari kuyasema mahakama yoyote.

Marehemu alifariki Jumanne iliyopita alfajiri, kitandani kwake, mama amemshika mkono. Safari hii hakuna tarishi aliyetumwa. Sote tuliohusika tulikuwepo.

Ameacha mjane, binti mmoja, mkwe, wajukuu watatu na mdogo wake, ambaye tangu Jumanne anajishika pua bila kujua.

Ametanguliwa na binti yake wa kwanza. Huyo sikumwona. Picha yake hatuna, na kibao cha kaburi lake kilishaoza. Nilichonacho ni kwamba nimekua nikisikia akitajwa asubuhi na jioni kila baba alipoitwa mezani, kila mama alipobishiwa hodi. Kwa kanuni ya marehemu huo si ushahidi, ni maneno ya kuambiwa. Baba, nisamehe, leo naivunja. Mbele ya jeneza hili nasema Kadogo alikuwepo.

Lala pema, Baba Kadogo.