Nani Alimuua Kipkirui Sebuleni

Benchi letu liko Section 58, Nakuru, kwenye kona ambapo Waithera huuza kahawa na mandazi. Jumatatu hiyo asubuhi baridi ilikuwa kali na tulikuwa wale wale. Kulikuwa na Wakili, ambaye jina lake ni Jamleck na hajawahi kusomea sheria, ila aliwahi kutoa ushahidi kwa kesi ya mbuzi, na tangu hapo huongea kama jaji anamsikiliza. Kulikuwa na Ooko, tunayemwita Stima kwa sababu alifanya kazi kwa mitambo ya stima huko Olkaria mpaka akastaafu. Na kulikuwa na Kipkirui, dereva wa lori la viazi kutoka Molo, mwili mkubwa, roho nyepesi. Alikuwa ametoka safari ya Mombasa na alikuwa na shida moja. Wikendi, akiwa barabarani, sinema yake ilionyeshwa mjini. Nasema yake kwa sababu yeye ndiye aliyeuawa humo.

Shantel, msichana wa mtaa wetu, alichukua ule mchezo wa ubao ambao vijana wa kanisa hucheza, wenye vyumba na kadi, ambapo mnatafuta nani ameua tajiri, kwa kitu gani, chumba gani. Akaugeuza sinema ya kuchekesha. Yeye na wenzake walikodi nyumba ya zamani ya settler mzungu huko juu Molo, na alipokosa mtu mwenye tumbo la tajiri, akamwona Kipkirui akipakia magunia. Akamwomba aje alale kwa zulia kama maiti.

— Sasa niambieni, Kipkirui akasema. Nani aliniua?

— Kwani hujui? Wakili akamuuliza.

— Nitajuaje na nilikuwa nimefunga macho? Taa ilizima, nikaambiwa nianguke, nikaanguka. Sehemu zingine zote za sinema walishutia kwa vyumba zingine.

— Basi nisikize. Mimi nilienda Ijumaa. Ni mpishi. Alikugonga na sufuria huko jikoni, halafu akakuvuta mpaka sebuleni. Anakuvuta, anapumzika, anakunywa maji, anakuvuta tena.

— Mimi sikuvutwa na mtu.

— Ilikuwa gunia imevalishwa koti yako.

— Ndio nikashangaa vile umekonda, Waithera akasema, akimwongezea kahawa.

Stima alikuwa akitikisa kichwa muda huo wote.

— Wakili alilala kwa sinema, akasema. Mimi nilienda Jumamosi. Ni daktari. Alikuwekea dawa kwa chai. Sufuria haikuweko hata.

— Wote mmepotea, Waithera akasema. Nilikuwa huko jana baada ya kanisa. Ni bibi wa huyo tajiri. Alilisukuma hilo gunia kwa ngazi ndio abaki na nyumba.

Hapo kahawa ikasahaulika. Wakili akasema mpishi na daktari walikuwa wamepanga pamoja, tena mpishi ni mtoto wa nje wa daktari, ukiangalia pua utaona. Stima akasema tuwache mambo ya pua, tuulize nani alikuwa karibu na swichi, kwa sababu stima haipotei nyumba moja peke yake, na yeye amefanya hiyo kazi. Waithera akasema bibi ndiye alikuwa anashika swichi na daktari ndiye anamshika bibi.

— Mimi naona hivi, Wakili akasema mwishowe. Hakuna mtu alikuua. Ulijilaza hapo ukwepe madeni. Nilikuona ukipumua.

— Nilikuwa nimeshiba githeri, Kipkirui akajitetea.

Simu yake ilikuwa imezimika na kukataa kuwaka tangu Voi, njiani kutoka Mombasa, kwa hivyo aliomba ya Stima akampigia Shantel. Alisikiliza, akacheka, akarudisha simu.

— Anasema mmeshinda wote. Alitengeneza miisho tatu. Kila siku waliweka yake, vile kadi huchanganywa na muuaji anabadilika.

Ungedhani tungefurahi. Lakini mtu akibishana asubuhi nzima hapendi kuambiwa kwamba kila mtu yuko sawa. Wakili akaanza kudai kwamba mwisho wa Ijumaa ndio wa kweli kwa sababu ulitangulia. Hakufika mbali. Bodaboda ilisimama mbele yetu, akashuka mama mmoja amejifunga shali, akiwa na viatu vya mvua vyenye tope jekundu.

Kipkirui akasimama.

— Mama? Unafanya nini huku?

Alikuwa Jebet, mama yake, kutoka shambani Molo. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamshika mabega, akamshika uso tena. Jirani alikuwa amemwonyesha kwa simu picha iliyotoka kwa hiyo sinema, Kipkirui amelala chini na maua kifuani. Akapiga simu ya mwanawe, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Alfajiri akapanda gari la maziwa akaja kumtafuta.

— Ni sinema tu, mama, Kipkirui akasema. Nilikuwa naigiza. Nilitaka nikuambie, nikajua utakataa.

Sote tukamweleza kwa pamoja, mpishi, daktari, bibi, ngazi, sufuria. Alikaa kwenye benchi akatusikiliza mpaka tukaishiwa na maneno.

— Nimeelewa, akasema. Sasa huyo tajiri alipoanguka, ni nani alimlilia?

Niliona Wakili akiirudia Ijumaa yake kichwani, na Stima Jumamosi yake. Mpishi alikuwa anaosha sufuria. Daktari alikuwa anatafuta kofia. Waithera aliangalia chupa yake ya kahawa, kwa sababu bibi wa Jumapili alikuwa anapima mapazia. Na sisi ukumbini tulikuwa tunacheka.

— Hakuna, mathe, Wakili akasema. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya kawaida.

— Hata mmoja?

— Ilikuwa ya kuchekesha, mama, Kipkirui akasema.

— Najua. Mmeniambia.

Alijipangusa pua kwa pembe ya shali.

— Huyo msichana akitaka mtu wa kufa tena, aje aniulize kwanza.

— Si utamkatalia? Kipkirui akauliza.

— Nitamkatalia.

Waithera akampa kikombe. Aliinywa kahawa kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeshika koti la Kipkirui, na hakuliachilia hata alipoomba aongezewe.